Sura ya Sita: Droo ya Miguu

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, wekundu ulikuwa umeuvuka mstari.

Mstari wenyewe ulichorwa alfajiri kwa wino wa buluu kuzunguka kifundo cha mguu wa kushoto, ili kila anayeingia zamu aone ugonjwa umefika wapi. Sasa ngozi iliyo juu ya wino ilikuwa nyekundu na inang'aa. Kidole cha pili cha mguu huo kilikuwa cheusi. Mgonjwa, mkutubi mkuu wa maktaba ya fedha za Kiislamu, alilala kitanda cha mwisho karibu na dirisha, macho nusu wazi, akihema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Mkewe alikaa kwenye kiti cha plastiki, amemshika mkono. Tangu jana mumewe alikuwa hamtambui.

Sajini alisimama upande wa miguu. Alitoka kitengo cha polisi kinachofuatilia dawa bandia, na jalada alilokabidhiwa lilikuwa na maelezo mafupi: wagonjwa watatu wa kisukari, maktaba moja, kidudu kimoja, wawili wamekufa.

"Wa kwanza alikuwa mtafsiri wao, wa pili mhasibu," Daktari alisema. "Wote vidonda vya miguu. Kila antibayotiki ya kawaida tuliyojaribu, kidudu kiliendelea kuota kama hakuna kitu."

"Dawa bandia?"

"Ndiyo sababu nilikuita. Lakini leo sina haja na mshtakiwa, afande. Nina haja na jibu moja kabla ya adhuhuri."

Daktari alimvuta hadi dirishani na kupunguza sauti.

"Nimebakiwa na dawa mbili. Ya kwanza ni sindano ya unga, tunaifungia kabatini, na haiumizi figo. Ya pili ni ya zamani. Tuliiacha kwa sababu inaharibu figo, na figo za huyu zimeshaliwa nusu na sukari. Sasa sikiliza. Kidudu cha mtafsiri kilikufa maabara kwa dawa ya kwanza, ila mwenyewe alifika amechelewa, baada ya kulazwa hospitali ya upande wa pili wa mji. Kidudu cha mhasibu, kilekile, wiki tatu baadaye, kilikataa kufa."

"Kwa hiyo katikati hapo kilijifunza."

"Katika mwili wa nani, na kwa njia gani, sijui. Dawa ile haiuzwi dukani. Huyu hapa nimpe ipi? Nikimpa ya kwanza na kidudu chake kinaijua, nimepoteza siku, na siku hana. Nikimpa ya pili bila sababu, nimemuua figo kwa mkono wangu."

"Maabara wanasemaje?"

"Kesho. Bakteria hawaoti kwa kuamrishwa."

Sajini alirudi kitandani, akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki.

"Pole, mama. Mzee anatumia dawa gani zaidi ya za hapa?"

"Insulini. Na akiandikiwa antibayotiki anakunywa. Mume wangu si mtu wa kujitibia."

"Anazimaliza?"

"Kidonda kikikauka anaacha. Nani anakunywa dawa akiwa mzima?"

"Na zinazobaki mnaziweka wapi?"

Mke alifikiri. "Nyumbani hazipo," akasema polepole. "Sijawahi kuziona zimebaki."

Koti la mgonjwa lilining'inia nyuma ya mlango. Sajini alivaa glavu. Mfuko wa ndani ulikuwa na bahasha ndogo ya kaki, na ndani yake vipande vitatu vya karatasi za vidonge. Alivipanga juu ya meza ya chakula ya mgonjwa. Vilitoka viwanda vitatu tofauti. Kimoja kilikuwa na mhuri wa hospitali ya upande wa pili wa mji.

"Aliwahi kutibiwa kule?"

"Hata siku moja," mke alisema. "Kwani hivyo ni vyake?"

Sajini aliviinamia vile vipande. Alikuwa anatazama kingo. Zote zilinyooka kama zimepigwa rula.

* * *

Duka la dawa lilikuwa mkabala na maktaba. Mfamasia, mwanamume mnene mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alimwona kabla hajasukuma mlango.

"Mmekuja tena. Akifa mtu wa ng'ambo hiyo mnakuja kwangu. Siku nikifa mimi mtakwenda kwa nani?"

"Mkasi unaokatia vidonge uko wapi?"

"Mkasi nao unashtakiwa?"

"Utoe tu, kaka."

Sajini alinunua vidonge viwili vya maumivu, akamwambia amkatie kama anavyomkatia mteja yeyote. Mfamasia akakata. Ukingo ulipinda mara mbili na bati likaacha meno madogo. Sajini akakiweka kipande hicho kando ya vile vya kwenye bahasha. Katika kimoja cha vile vitatu kisu kilikuwa kimepita katikati ya kidonge, kikakigawa nusu bila kukisaga. Mkasi usingeweza kufanya hivyo.

Akapiga simu kitengoni na kusoma namba za toleo zilizoonekana. Jibu lilikuja akiwa bado kaunta: dawa ni halali, hazijaisha muda, zilitolewa na hospitali kwa wagonjwa wenye cheti.

Dhana ya dawa bandia ilikufa hapo. Sajini aliifuta kwenye daftari kwa mstari mmoja.

"Wale wa maktaba wananunua nini kwako?"

"Insulini na sindano zake. Zamani kila mara alikuja mmoja na cheti cha antibayotiki, miguu yao haiishi vidonda. Tangu mwaka jana, hakuna. Nilidhani wamepona."

"Wote kwa pamoja?"

Mfamasia alishusha miwani machoni. "Sasa ukiniuliza hivyo," alisema, "naona nilikuwa mjinga."

* * *

Maktaba iliingiwa bila viatu. Sajini aliacha vyake kwenye rafu ya mlangoni, akakanyaga zulia la kijani lililoenea ukuta hadi ukuta. Rafu zilipangwa kwa mikataba: ubia, ukodishaji, mauzo ya awamu, hatifungani za sukuk, wakfu, takaful. Wanafunzi wawili walikuwa wanaandika bila kuinua vichwa. Kwenye meza ya mbele alikaa mzee mwembamba mwenye soksi nzito, aliyetumikia benki ya kawaida hadi akastaafu, kisha akaja hapa kujitolea kuwasaidia wasomaji kutafuta vitabu. Humu ndani walimwita Bwana Riba.

"Waliniita hivyo siku ya kwanza nami nikaitika," alisema alipoona Sajini anasita kulitamka jina hilo. "Nusu ya maisha yangu nilitoza riba. Sasa sukari inanitoza mimi, na haina msamaha. Umekuja kwa zulia?"

"Zulia limefanya nini?"

"Watu wa afya walisema linatuua. Wakakata kipande, wakapangusa na ndala za msalani, wakaenda navyo. Jibu likarudi: hakuna kitu. Zulia halina hatia, binti yangu."

"Nimekuja kwa mashine ya kukatia karatasi."

Bwana Riba alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake, akahakikisha ameweka alama ya ukurasa.

"Kila maktaba inayo."

"Nionyeshe yenu, mzee."

Ilikuwa chumba cha nyuma, cha kujalidi vitabu. Meza ndefu, gundi, nyuzi, friji ndogo kwenye kona, na mashine ya chuma yenye kisu kirefu cha kushusha kwa mkono. Sajini alipitisha pamba nyeupe kwenye ukingo wa kisu, akaipeleka kwenye mwanga. Pamba ilikuwa na chembe za rangi ya fedha zinazometa.

"Vitabu vyenu vina bati?"

"Si siri," Bwana Riba alisema. "Ni jambo la kheri. Ungeuliza mlangoni ningekuambia mlangoni."

Alimpeleka kwenye kabati la zamani la kadi, lile lenye droo ndogo ndogo ambalo maktaba ziliacha kulitumia zilipopata kompyuta. Vibao vya shaba vilikuwa na maandishi mapya yaliyopigwa chapa vizuri: MGUU. MKOJO. KIFUA. JINO. Sajini alivuta ya kwanza. Ilijaa bahasha za kaki, na ndani ya kila bahasha vipande vya vidonge, vimekatwa sawasawa.

"Mmezipanga kwa mada."

"Mkutubi ndiye alipanga. Kazi yake hiyo." Mzee alikaa kwenye kiti, mgongo wima. "Takaful unaijua?"

"Bima."

"Bima ya kusaidiana. Kila mmoja anatoa mchango wake kama hiba, unaingia mfuko mmoja, atakayepatwa na jambo anasaidiwa kutoka humo. Tunawafundisha watu hilo kutwa kucha. Wenye sukari humu tulikuwa saba. Tukasema, sisi wenyewe tunangoja nini? Mfuko wa fedha sheria inataka leseni. Mfuko wa vidonge sheria haikuutaja."

"Kidonda kikikauka—"

"Unarudisha vilivyobaki. Kutupa ni israfu. Anayefuata anaanza dawa siku hiyohiyo, hapangi foleni, hapotezi kutwa hospitali."

"Wakiumwa wawili kwa pamoja?"

"Tunagawa. Nusu kwa nusu, kwa mashine, ili pasiwe na aliyepunjwa."

"Kwa hiyo kila mmoja alipata nusu ya dozi."

"Kila mmoja alipata haki yake."

Sajini alifunga droo. "Mzee, dozi si keki ya harusi. Ukimpiga bakteria nusu, wanaokufa ni wale dhaifu. Wagumu wanabaki peke yao na nafasi yote ni yao. Mmekuwa mkiwachuja."

Vidole vya Bwana Riba vilitafuta kitu cha kushika, vikapata ukingo wa meza.

"Hakuna aliyetuambia," alisema.

"Hakuna aliyejua. Vidonda mlikuwa mkivifunga wapi?"

"Hapa hapa. Tunasaidiana."

"Mkasi mmoja?"

"Mmoja."

Hilo lilieleza jinsi kidudu kimoja kilivyotembelea miguu mitatu. Halikueleza kilivyojifunza dawa iliyofungiwa kabatini. Sajini alizitoa bahasha zote za droo ya MGUU, akazipanga mezani, akazipitia moja moja. Vidonge vitupu. Hakuna unga, hakuna kichupa.

"Dawa za sindano?"

"Hatuna."

"Friji hiyo ya nini?"

"Insulini. Kila mwenye sukari anaweka yake."

Sajini aliifungua. Mbele kulikuwa na boksi za insulini, kila moja na herufi ya mwenyewe. Alizitoa zote na kuziweka chini. Nyuma kabisa, karibu na barafu, kilisimama kichupa cha kioo chenye lebo ya dawa ya kwanza ya Daktari na mhuri wa hospitali ya upande wa pili wa mji. Kifuniko cha juu kilikuwa kimeng'olewa. Chini ya kichupa kulikuwa na maji machafu kidogo, yasiyojaza hata kijiko. Mpira wa mdomoni ulikuwa na matundu membamba mengi kiasi kwamba ulionekana kama chujio.

Alikinyanyua kuelekea dirishani.

"Sindano ya hospitali inaacha tundu nene," alisema. "Haya ni ya sindano za insulini. Nani alikileta?"

"Anayetoa hatajwi. Ndiyo maana ya hiba."

"Mtafsiri. Yeye pekee ndiye aliyelazwa kule."

Mzee alianza kurudisha boksi za insulini kwenye friji.

"Sawa. Mtafsiri alitoa lakini hakutumia, kwa sababu kidudu chake kilikufa kwa dawa hii. Mhasibu alitumia, kwa sababu chake kilikataa. Hapo sihitaji msaada wako. Nahitaji kujua jambo moja. Mkutubi alitumia?"

"Na anayepokea pia hatajwi."

"Mzee."

"Tulipeana neno, binti yangu. Saba sisi, mikono juu ya meza hii. Mtu asije akaonekana mnyonge kwa kupokea. Mhasibu ameondoka na siri yake, mimi ni nani niitoe?"

"Yeye yuko kaburini. Mkutubi yuko kitandani."

Simu ya Sajini ililia. Alibonyeza spika na kuiweka mezani, katikati ya bahasha.

"Wekundu uko nusu ya muundi," sauti ya Daktari ilisema. "Presha inashuka. Nachanganya dawa ya kwanza."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Una jibu?"

"Nina mtu mwenye jibu. Anakusikia."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mke wa Mkutubi ikiita jina la mumewe, tena na tena, kwa namna ya mtu anayemwamsha mtoto aende shule.

Bwana Riba aliinama. Alivua soksi ya mguu wa kulia kwa uangalifu, akaikunja, akaiweka mapajani. Kidole gumba kilifungwa shashi iliyolowa rangi ya majani makavu. Kuanzia hapo hadi katikati ya wayo, ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa.

"Haiumi," alisema. "Ndiyo mambo ya sukari, haiumi kabisa. Ningekuwa nasikia maumivu ningekuja hospitali mwenyewe." Akasogea karibu na simu. "Daktari. Ni mimi, mhasibu na Mkutubi. Tulitia maji kwenye kile kichupa, tukawa tunavuta kwa sindano za insulini. Hakuna aliyejidunga, matone tu juu ya kidonda, asubuhi na jioni. Yeye alikuwa ananidondoshea mimi, na mimi namdondoshea yeye. Mtu hawezi kuuona wayo wake vizuri."

"Kwa muda gani?"

"Tangu mtafsiri alipotoka hospitali mara ya kwanza. Mwezi na zaidi."

"Kichupa kilekile?"

"Kikipungua tunaongeza maji."

Daktari alitoa pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Basi ya kwanza haifai kitu," alisema, na simu ikakatika.

Sajini alikitia kichupa kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika lebo, akaufunga. Kisha akachukua soksi kutoka mapajani mwa mzee, akapiga goti, akamvisha.

"Unaweza kutembea?"

"Nimetembea nao mwezi mzima," Bwana Riba alisema. "Leo ndiyo nitashindwa?"

* * *

Daktari alimpima Bwana Riba kwenye korido, kwa sababu vitanda vilijaa. Alibonyeza wekundu, akanusa shashi, akachukua joto na damu. Mke wa Mkutubi alisimama mlangoni mwa wodi, mtandio umeanguka mabegani, akisikiliza.

"Mzee, nitakuambia kama ilivyo," Daktari alisema. "Kidudu ni kilekile, sina shaka na maabara watathibitisha. Dawa inayobaki ni ya pili. Ninayo ya mtu mmoja, imeletwa kutoka ghalani sasa hivi. Nimepiga simu hospitali zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Nyingine itafika wiki ijayo, ikifika."

Bwana Riba alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikiliza masharti ya mkataba anaoufahamu.

"Basi tugawane."

"Hapana."

"Nusu yake, nusu yangu. Mimi niko radhi nipate pungufu hata—"

"Hapana, mzee. Nikigawa nitapata maiti mbili, na kidudu kisicho na dawa tena popote." Daktari alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Safari hii lazima mmoja apewe yote."

Muuguzi alipita na toroli tupu. Wote wakajibana ukutani kumpisha.

"Asiyepewa anafanywaje?"

"Chako bado kiko mbele ya mguu, hakijaingia kwenye damu. Nikikata leo, hapa," Daktari aligusa katikati ya wayo kwa upande wa kidole, "huenda ikatosha bila dawa. Huenda. Nikikosea, nitakata tena juu zaidi."

"Na yeye?"

"Chake kimeshaingia kwenye damu. Kidole kile nitakiondoa, lakini kukata peke yake hakumwokoi. Na figo zake simwahidi mtu."

Bwana Riba alimtazama mke wa Mkutubi. Yeye alitazama sakafu.

"Shemeji," mwanamke alisema, "sina la kukuambia. Kweli, sina."

"Usiseme kitu, shemeji. Ukisema neno moja zuri nitabadilisha mawazo." Aligeukia Daktari. "Fomu iko wapi?"

Alichukua kalamu, akatia sahihi ya mtu wa benki, ndefu, yenye mkato chini. Sajini alitia sahihi ya shahidi, kwa kuwa mzee alisema hana ndugu wa karibu mjini. Kisha akaandika maelezo ya kukiri ya mzee, ukurasa na nusu, akamsomea, akamwuliza kama kuna la kurekebisha.

"Ulipoandika 'waligawa ili kubana matumizi'," Bwana Riba alisema. "Futa. Hatukubana kitu. Andika 'waligawa ili wawe sawa'."

Sajini alifuta, akaandika.

"Wale watatu waliobaki," akasema, "nitakwenda kwao leo. Majina."

Safari hii mzee hakusita. Aliyataja yote matatu, polepole, pamoja na mitaa wanayokaa na mguu wa kila mmoja wenye kidonda.

Saa nane na dakika ishirini mchana, Daktari alifungua dripu ya dawa ya pili kwenye mkono wa Mkutubi. Mgonjwa hakufumbua macho. Mkewe aliuliza itaanza kufanya kazi lini, akaambiwa haijulikani.

Saa tisa kasoro dakika tano, mlango wa chumba cha upasuaji ulifungwa nyuma ya Bwana Riba.